Pima Tatu Zilizopungua

Asubuhi zetu zilifanana. Nilikwenda kisimani na ndoo kabla jua halijachomoza, nikirudi nafagia uwanja, kisha namshika Bibi mkono na kumkalisha barazani. Namwekea mbele yake chane za miyaa zilizolala majini usiku kucha, zikiwa zimelainika tayari kwa kusukwa.

Bibi Mwanaasha, mama yake baba, alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Aliona mwanga na kivuli, basi. Lakini vidole vyake havikuhitaji macho. Alisuka huku akitafuna tambuu na kunitania, na ukili wake ulinyooka kuliko wa wanawake wengi wenye macho mazima.

"Mke mwenzangu," aliniita, kama mabibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kike, "nisukie shubiri tatu kabla hujakwenda shule. Haba na haba hujaza kibaba."

Nilikuwa darasa la tano, nina miaka kumi na miwili, na nilijiona fundi. Kwa asiyejua, ukili ni utepe mrefu unaosukwa kwa chane, yaani majani ya miyaa yaliyochanwa membamba na kukaushwa. Ukili hushonwa ubavu kwa ubavu, mstari kwa mstari, ukawa mkeka, na ukishonwa mkubwa wa kukaliwa na watu wengi huitwa jamvi. Nao haupimwi kwa rula ya shule. Unanyoosha mikono yako yote miwili, huku na huku, na kutoka ncha ya kidole cha kushoto mpaka ncha ya kidole cha kulia ndiyo pima moja, kama shubiri nane hivi. Lakini ni pima ya mtu mzima. Bibi alinionya hivyo siku ya kwanza kabisa, akacheka, akasema mikono yangu bado ni ya kupimia uzi wa kishada.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Dutumi, na mwaka ule wa sabini na tano kilikuwa bado kipya. Tulikuwa tumehamishwa kutoka mashambani, kila ukoo na mahali pake, tukawekwa pamoja katika nyumba zilizopangwa safu safu. Katika kuhama huko vitu vingi vilipotea. Mimi nilipoteza kuku wangu wawili, na kijiji kilipoteza majamvi yake. Hasara ya majamvi tuliijua alipofariki Mzee Kibwana. Waombolezaji walikuja hata kutoka Mlandizi, na sisi tukawakalisha juu ya magunia na makuti mabichi. Wengine walikaa mchangani na kanzu zao nyeupe.

"Aibu hii isirudi," alisema Bi Mwanajuma, kiongozi wa akina mama wa safu yetu. Akawaita wanawake wa nyumba zote kumi na mbili. Wakakubaliana kwamba kila nyumba isuke ukili wa pima ishirini kwa muda wa mwezi mmoja, kisha wakutane walishone jamvi moja kubwa la kijiji.

Hapakuwa na daftari wala wa kukagua. Kwetu ukili wa mwenzio haupimwi. Mwenyewe akisema ni pima ishirini, ni ishirini. Kuuchukua na kuupima tena ni sawa na kumwambia mtu usoni kwamba yeye ni mwongo.

Mwaka ule ulikuwa pia mwaka wa njaa. Mvua zilitukimbia, mihogo ikawa midogo kama vidole, na tulikula unga wa mahindi ya njano ulioletwa kwa lori. Wenye mzaha waliuita unga wa yanga, lakini chunguni mzaha ulikwisha. Kamati ya Bi Mwanajuma ndiyo iliyougawa, na kamati ilikuwa na sheria yake: nyumba isiyotimiza kazi ya kijiji hupata nusu ya mgao. Hakuna aliyewahi kupata nusu, maana hakuna aliyethubutu kutotimiza.

Mama yangu, Mwanamvua, alikuwa amejifungua mdogo wangu Hemedi, hajamaliza arobaini, kwa hiyo alikaa ndani. Bibi alikuwa akisuka vikapu vya kubadilishana na mihogo kwa watu wa bondeni. Akaniambia, "Ukili wa nyumba hii ni wako, Mboni. Mimi nitakufundisha, lakini vidole vyangu hutaolewa navyo."

Hatukuwa peke yetu katika kujifunza. Kila alasiri alikuja jirani yetu, Eugenia, ambaye sote tulimwita Mama Stellamaris. Alitoka Rombo, mbali huko Kilimanjaro. Mumewe, Silvanus, alikuwa fundi wa njia ya reli, akikaa kambini Kwala na kurudi mwisho wa mwezi. Binti yao Stellamaris nilikaa naye dawati moja. Mama huyu alikuwa mrefu mpaka akiingia kwetu huinama mlangoni, na maishani mwake hakuwahi kusuka ukili. Aliketi mkekani kando yangu, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo kwa bidii, chane zikimkwepa vidoleni.

Nilimcheka. Naomba niseme ukweli, nilimcheka waziwazi, na Bibi alinikemea. Nilikuwa nikimaliza pima moja yeye bado anahangaika na nusu yake. Akiona amekosea hata kidogo, alifumua na kuanza upya.

"Mama, acha tu, hakuna atakayeona," nilimwambia siku moja.

"Mimi nitaona, mwanangu," alijibu bila kukasirika. "Kila nikilikalia jamvi lile nitajua kosa langu liko chini yangu."

Siku zikaenda. Ilipofika Alhamisi ya wiki ya mwisho, nilisikia habari iliyonitoa akili. Kijiji cha pili, mwali aliyekuwa amewekwa ndani karibu mwaka mzima alikuwa anatolewa. Njaa au si njaa, mwali hakai ndani milele. Ngoma ingepigwa alasiri ile, na wasichana wote wa darasa letu walikuwa wanakwenda.

"Nenda," alisema Bibi. "Lakini kwanza ukili utimie. Keshokutwa tunashona."

Niliukunjua ukili wangu nyuma ya nyumba. Moyoni nilijua haujatimia. Nilikadiria ulibaki siku tatu za kazi, na ngoma ilikuwa imeshaanza kusikika. Basi nikaupima kwa mikono yangu mwenyewe. Mikono ya mtoto wa darasa la tano, na viwiko sikuvinyoosha. Moja, mbili, tatu, nikahesabu upesi upesi kama anayeogopa kuisikia sauti yake. Zikafika ishirini. Nikaukunja na kuufunga kwa kamba.

"Ishirini, Bibi."

"Umepima kwa mikono ya nani?"

Hapo ndipo ningeweza kurudi nyuma. Ilikuwa njia nyeupe kabisa. Nikasema, "Ya mama."

"Vizuri, mke mwenzangu. Nenda ukacheze," alisema Bibi. Aliniamini, nami nikakimbia. Ngoma ilikuwa nzuri, lakini siikumbuki vizuri. Ninachokumbuka ni kwamba nilicheka sana na kila nilipotulia nilijikuta nahesabu pima upya.

Jumamosi akina mama walikusanyika uwanjani kwa Bi Mwanajuma. Kila mmoja aliweka ukili wake katikati, akataja, "Pima ishirini," na mwenzake akaitikia, "Mungu akubariki." Nami niliweka wetu kwa jina la baba. "Pima ishirini, nyumba ya Salumu." Sauti haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Walishona siku mbili kwa shazia, zile sindano ndefu za kushonea mikeka, huku wakiimba. Jamvi lilikuwa na urefu wa pima nne, na kwa hesabu yao lingekuwa na mistari sitini barabara. Jumapili alasiri wakaufikia mstari wa sitini. Bi Mwanajuma akauanza, akashona pima moja, akanyoosha mkono kuchukua ukili mwingine. Mkono ukagusa mchanga. Ukili ulikuwa umekwisha.

Nyimbo zikakatika. Wakatafuta chini ya khanga, nyuma ya mlango, ndani ya vikapu. Hakuna kitu. Jamvi zima la kijiji lilikuwa na pengo la pima tatu pembeni, na kila mtu aliliona.

"Kuna mtu amepunja," alisema Bi Saburi. Huyu alipewa jina la Saburi, lakini subira yenyewe hakuipata. "Pima ishirini mara kumi na mbili ni mia mbili na arobaini. Hesabu haijadanganya. Aliyedanganya ni mtu."

Wanawake wakatazamana. Halafu, polepole, macho yakaanza kuelekea upande mmoja. Mama Stellamaris aliketi pale mwisho, miguu yake mirefu imekunjwa, akivuta nyuzi zilizobaki.

"Sisi wengine tumezaliwa na ukili," aliendelea Bi Saburi. "Anayejifunza ukubwani ndiye atakayeshindwa kumaliza. Simtaji mtu."

"Bi Saburi, umenitaja," alisema Mama Stellamaris. "Nilisuka ishirini. Nimechelewa, nimefumua, lakini ishirini nilizitimiza. Nimepima kwa mikono hii."

"Nani alikuona?"

"Na wewe, nani alikuona?"

Swali lile lilikuwa la haki, lakini liliwachoma. Kuulizana hivyo hakukuwa desturi yetu. Bi Mwanajuma akawa kama mtu aliyekalia siafu. Alikuwa mtu wa haki, lakini wanawake kumi walikuwa upande mmoja na mgeni mmoja upande wa pili. Mwishowe akasema kwamba mpaka ukweli ujulikane, nyumba ya Mama Stellamaris itapata nusu ya unga.

Nami nilikuwa pale. Nilikuwa nimeshika birika la maji ya kunywa, umbali wa hatua nne. Nilijiambia kwamba nitasema kesho.

Jumatatu unga uligawiwa. Mama Stellamaris alichukua nusu yake bila ugomvi, akasema asante, akaondoka. Watoto wake walikuwa watano. Jumanne, wakati wa mapumziko shuleni, Stellamaris alikaa darasani badala ya kutoka kucheza rede.

"Huji?" nilimwuliza.

"Nikikimbia nasikia kizunguzungu. Mama anaubania unga, jana tulikula papai bichi la kuchemsha." Kisha akaniuliza, "Mboni, wewe ulikuwa ukikaa na mama wakati wa kusuka. Si ulimwona akimaliza?"

"Nilimwona," nilisema.

"Basi kwa nini hukuwaambia?"

Nilisema naumwa tumbo, nikatoka nje. Tangu siku ile Mama Stellamaris hakuja tena kwetu alasiri. Bibi alikuwa akigeuza sikio kila akisikia hatua za mtu njiani.

"Yule mama ameacha kuja," alisema. "Wamemvunja moyo. Nami nawaambia, mkono ule ni mzito, lakini si mwizi. Anayefumua kosa la chane moja hawezi kupunja pima tatu."

Maneno yale yalinitoa machozi, na kwa kuwa Bibi haoni, nililia pale pale mbele yake bila kujificha. Ndipo nikapata wazo, na nililiona zuri sana. Ningesuka pima tatu kwa siri, niziache mlangoni kwa Mama Stellamaris. Yeye angezipeleka, jamvi likamilike, unga wake urudi, na mimi nisiulizwe kitu. Nilisuka nyuma ya choo, nikasuka njiani kutoka shule, nikasuka nikisema nachunga mbuzi wa jirani. Safari hii nilipima kwa kamba niliyoikata kwa mikono ya mama. Alidhani ni mchezo, akanyoosha mikono huku mtoto amelala miguuni pake. Kila pima ilikuwa kamili.

Ijumaa alfajiri, nikienda kisimani, niliuweka ukili ule kizingitini kwake, nikaondoka mbio. Siku ile nilikunywa uji kwa hamu, mara ya kwanza tangu Jumapili.

Alasiri, baada ya swala, mtoto wa Bi Mwanajuma alikuja kumwita Bibi. Kulikuwa na kikao, na yeye ndiye mkubwa wa wote kwa umri. Nilimshika mkono tukaenda. Akina mama walikuwa wamezunguka uwanja. Katikati alisimama Mama Stellamaris, ameshika ukili wangu.

"Niliukuta mlangoni asubuhi," alikuwa akisema. "Sikuusuka mimi. Sijui ni wa nani. Nilipouona ni pima tatu nikafikiri ni wa jamvi, ndiyo maana nimeuleta."

"Umefikiri vizuri!" Bi Saburi alipiga makofi. "Mlikuwa mnataka ushahidi, huo hapo. Amekula unga wa nusu, njaa imemwuma, ametoa alichokuwa amekificha. Angekuja kusema tu nimekosa, tungemsamehe. Lakini kutudanganya mara ya pili!"

Wengine wakaguna kumuunga mkono. Hata Bi Mwanajuma sasa alikuwa ameinamisha kichwa. "Mama Stellamaris," alisema kwa huzuni, "ningekutetea, lakini hili linanifunga mdomo. Nadhani ni afadhali utoke katika kundi letu."

Mama Stellamaris alinitazama. Hakuwa akinishuku, maskini. Alikuwa akitafuta uso mmoja tu wa mtu aliyewahi kukaa naye mkeka mmoja. Niliangalia vidole vya miguu yangu. Wema wangu wa siri ulikuwa umemfunga kamba shingoni, na sikujua nifanye nini.

"Hebu nipeni huo ukili," alisema Bibi.

Wakamwekea mapajani. Bibi akaanza kuupitisha vidoleni, taratibu, kutoka mwanzo. Niliijua kazi ile. Kila msukaji ana namna yake ya kuingiza chane mpya ile ya kwanza inapokwisha. Bibi alinifundisha kuiingiza chini, upande wa kushoto, kama alivyofundishwa na mama yake. Mama Stellamaris hakuweza kuizoea namna hiyo, na Bibi alimruhusu aiingize kulia. Vidole vya Bibi vikafika kwenye kiungo cha kwanza. Vikasimama. Vikaenda kwenye kiungo cha pili, cha tatu. Kisha akaacha.

Sijawahi kuuona uso wa Bibi ukizeeka kama ulivyozeeka wakati ule.

"Ukili huu naujua," alisema. "Si wa Mama Stellamaris. Lakini mimi sitasema ni wa nani. Mwenyewe yupo hapa, na Mungu amempa ulimi."

Wanawake wakageuka huku na huku. Nilimwonea haya Bibi kuliko watu wote waliokuwa pale, na nadhani ni aibu hiyo iliyonisukuma.

"Ni wangu," nilisema. Hawakunisikia. Nikasema tena kwa nguvu, "Ni wangu! Nimeusuka mimi nikauweka mlangoni kwake. Aliyepunja jamvi ni mimi. Nilipima kwa mikono yangu, na Bibi nikamwambia ni ya mama. Nilitaka kwenda ngomani."

Hakuna aliyenipiga. Afadhali wangenipiga. Bi Mwanajuma aliniuliza, "Wiki nzima, Mboni? Ulikuwa unaona watoto wa mwenzako wanakula nusu, na ukanyamaza?"

"Niliogopa," nilisema.

Bibi akainua uso. "Mama Stellamaris, njoo hapa karibu, nyoosha mikono. Na wewe, Mwanajuma, nyoosha yako. Mboni, shika ukili uwapime mbele ya watu."

Niliwapima. Pima ya Mama Stellamaris, kwa ule urefu wake, ilizidi ya Bi Mwanajuma kwa shubiri nzima.

"Shubiri moja katika kila pima, mara ishirini," alisema Bibi. "Ni zaidi ya pima mbili alizowapa bila kuzijua wala kuzidai. Kwa hiyo wewe, mjukuu wangu, hukupunja tatu. Ulipunja zaidi ya tano. Pengo lako lilionekana dogo kwa sababu yeye alikuwa amekuzibia. Na huyo ndiye uliyemwacha alaumiwe."

Nililia kwa sauti, na sikuwa peke yangu. Bi Mwanajuma alimshika Mama Stellamaris mikono yote miwili akamwomba radhi mbele ya wote. Bi Saburi naye alisogea, akasema kwa taabu, "Nisamehe, dada. Ulimi wangu ulitangulia mbele ya akili."

Mama Stellamaris alifuta macho kwa ncha ya khanga. "Unga haukuniuma," alisema. "Kwetu pia tumewahi kulala njaa. Kilichoniuma ni kuona kwamba neno langu halina uzito kama la mwingine, kwa kuwa nimetoka mbali." Kisha akanigeukia. "Nawe umeniumiza, Mboni. Nimekusamehe, lakini umeniumiza."

Nusu ya unga iliyozuiliwa ilitolewa ghalani akapewa pale pale. Bi Mwanajuma akataka mambo yaishe hapo, akisema nyumba yetu ina mzazi na mtoto mchanga. Bibi akakataa.

"Sheria mliitumia kwa mgeni asiye na kosa," alisema. "Itumieni kwa mwenye kosa pia. Mgao ujao mtupe nusu. Mzazi atakula sehemu yangu."

Na ndivyo ilivyokuwa. Kwa wiki mbili nilimwona Bibi yangu akinywa uji mwepesi unaoonyesha chini ya bakuli, ili mama apate maziwa ya kumnyonyesha Hemedi. Nilimsukumia bakuli langu, akalirudisha. Nikamwomba anichape badala yake, akasema kuchapwa ni rahisi mno. Baba aliporudi kutoka shamba la kijiji na kusikia yote, hakusema neno ila moja: "Umeona." Ndiyo, niliona. Niliona kila asubuhi na kila jioni.

Stellamaris aliomba ahamishiwe dawati jingine. Ilipita karibu miezi mitatu kabla hajaniazima tena kifutio chake, na hata hapo alinitazama kwanza.

Nirudi kwenye Ijumaa ile ya kikao: ukili wangu wa pima tatu ulishonwa, jamvi likakamilika. Jioni ya siku ile Bibi aliniita barazani. Nilidhani ataniambia nimefanya vizuri.

"Unajua kosa lako ni lipi?" aliuliza.

"Nilidanganya kipimo, Bibi."

"Hilo la kwanza, na mtoto yeyote hulifanya. Sisi hapa hatuna mizani wala makarani. Tunaishi kwa neno. Mtu akisema ishirini, mwenzake hulala usingizi. Wewe ukalipunguza neno, na mara watu wakaanza kuulizana nani alikuona. Umesikia? Pima tatu za majani, na kijiji kizima kikaanza kushukiana."

Nikainama.

"Kosa la pili ni kubwa zaidi. Ulitaka kulipa bila kujulikana. Ulisuka vizuri, ulipima sawa, kila kitu barabara, lakini ulilipia kosa lako mlangoni kwa mwingine, na likamwangukia yeye. Ukikosa mbele za watu, mjukuu wangu, tengeneza mbele za watu. Toba ya kujificha inakusafisha wewe na kumchafua asiyehusika."

"Nimesikia, Bibi."

"Kusikia si kazi. Kesho alasiri nenda kwa Mama Stellamaris, mwombe akufundishe kushona magauni kwa mkono kama wanavyoshona kwao. Ukae chini, ukosee, ufumue, naye akuone. Akikucheka, cheka naye. Asipokucheka, ujue amekuzidi."

Nilikwenda. Nilikosea pindo la kwanza mara nne, nikalifumua mara nne. Mama Stellamaris alikuwa pale muda wote, na hakunicheka hata mara moja.